Mapitio ya kozi ya MANTRA: kujifunza kutunza data za utafiti kabla ya kwenda uwandani

MANTRA ni kozi ya bure ya mtandaoni inayotolewa na Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Uskoti, kwa ajili ya mtu yeyote anayekusanya au kutumia data za kidijitali katika utafiti wake. Nimeipitia kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwasaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu hapa Tanzania kuzifungua, kuzisafisha na mara nyingine kuziokoa data zao, na ninaiandikia mapitio haya nikiwafikiria wanafunzi hao hasa, pamoja na wakutubi na wasimamizi wao. Vyuo vyetu humfundisha mwanafunzi kuandika pendekezo la utafiti, kuchagua sampuli, kutunga hojaji na kuchanganua matokeo. Ni nadra kumfundisha kuzitunza data zenyewe tangu siku zinapokusanywa hadi siku mtu mwingine atakapozihitaji. Kozi hii inaziba pengo hilo kwa sehemu kubwa, na pale isipoliziba tunaweza kuliziba wenyewe, kwa sababu ambazo nitazieleza.

Kozi iliandaliwa kati ya mwaka 2010 na 2011 kwa ufadhili wa Jisc, asasi ya Uingereza inayohudumia vyuo katika masuala ya teknolojia ya kidijitali. Waandaaji walishirikiana na wanafunzi na walimu wa fani tatu zisizofanana: sayansi ya jamii, saikolojia ya tiba na sayansi za dunia. Mchanganyiko huo umeisaidia sana, kwa kuwa mifano yake haiegemei maabara peke yake wala mahojiano peke yake, na mtu anayetafiti bei za mahindi sokoni hatajiona mgeni kuliko yule anayepima mvua kwa satelaiti. Mwaka huohuo wa 2011 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilipitisha sera yake ya usimamizi wa data za utafiti, kikiwa miongoni mwa vyuo vya kwanza nchini Uingereza kufanya hivyo. Nyuma ya kozi, kwa hiyo, kuna chuo kilichoamua kwamba data ni mali ya kutunzwa kwa utaratibu, na uamuzi huo unahisika katika kila sehemu.

Muundo wake ni rahisi. Kuna sehemu nane, na kila moja humchukua msomaji wa kawaida muda usiozidi saa moja hivi: maana ya data za utafiti, mpango wa usimamizi wa data, upangaji wa mafaili, aina za mafaili na ubadilishaji wake, maelezo na metadata (yaani taarifa zinazozieleza data zenyewe), uhifadhi na usalama, ulinzi wa data nyeti, na hatimaye ushirikishaji wa data kwa wengine. Ndani yake kuna maandishi mafupi, video za watafiti wakisimulia kazi zao, na maswali ya kujipima. Hakuna kujiandikisha wala kulipa, na kila sehemu inaweza kusomwa peke yake bila kufuata mpangilio. Cheti hakipo. Anayehitaji cheti kwa ajili ya kupandishwa cheo au kuambatisha kwenye maombi ya kazi atafaa zaidi kutazama kozi ya wiki tano iliyoandaliwa na chuo hichohicho kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, iliyoanza kutolewa kupitia jukwaa la mtandaoni la Coursera mwaka 2016, ingawa huko cheti hulipiwa.

Sehemu ya mpango wa usimamizi wa data ndiyo ambayo ningependa kila kamati ya maadili ya utafiti iisome. Katika mapendekezo mengi yanayopita mikononi mwangu, suala zima la data hujibiwa kwa sentensi moja: data zitahifadhiwa mahali salama na zitatumika kwa malengo ya utafiti huu tu. Sentensi hiyo haimwambii mtu chochote. MANTRA inamtaka mtafiti aseme ni data za aina gani, zitakuwa kubwa kiasi gani, zitakaa kwenye mfumo upi wa faili, nani atakuwa na ruhusa ya kuzifungua, nakala zitakuwa ngapi na wapi, nani atagharamia uhifadhi, na nini kitatokea baada ya mradi kwisha. Inasisitiza pia kwamba mpango huo huandikwa mapema na hurekebishwa kadiri utafiti unavyosonga, kwa sababu hakuna anayejua kila kitu siku ya kwanza. Ni vyema pia kufahamu kwamba katika mji huohuo wa Edinburgh kiko Kituo cha Digital Curation Centre, kilichoanzishwa mwaka 2004, ambacho hutoa zana ya mtandaoni iitwayo DMPonline. Msomaji anaweza kutoka kwenye somo moja kwa moja akaanza kujaza mpango wake humo, akiongozwa na maswali yanayotakiwa na wafadhili mbalimbali.

Kuhusu kupanga mafaili, kozi haisemi jambo geni sana, ila inalisema vizuri. Majina ya mafaili yawe na mpangilio mmoja unaoeleweka na kikundi kizima, tarehe zianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta izipange zenyewe kwa mfuatano, na matoleo ya waraka yatofautishwe kwa namba badala ya maneno kama "mpya" na "ya mwisho". Mtu aliyerudi kutoka uwandani na simu iliyojaa sauti za mahojiano, zote zikiwa na majina yaliyotungwa na simu yenyewe, atatambua mara moja thamani ya somo hili. Faili liitwalo 2023-07-14_mahojiano_07_sauti linajieleza lenyewe hata baada ya miaka kumi. Lile liitwalo Rekodi 14 linamdai mwenyewe akumbuke, na wadadisi watatu wakirekodi siku moja kutakuwa na Rekodi 14 tatu.

Sehemu ya aina za mafaili ndiyo iliyonivutia kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiruka wakidhani ni ya mafundi. Inaeleza kwa lugha ya kueleweka jinsi kompyuta inavyoyahifadhi maandishi kwa mifumo ya misimbo, tofauti ya faili la maandishi matupu na faili linalofungwa ndani ya programu moja, na kwa nini data zinazokusudiwa kudumu ziwekwe katika mifumo iliyo wazi, kama CSV (faili la jedwali lililo maandishi matupu), badala ya kutegemea programu ambayo leseni yake inaweza kwisha au ambayo kampuni inaweza kuacha kuitengeneza.

Kwetu sisi jambo hili lina sura yake, na nitalionesha kwa ukaribu. Chukua wilaya ya Nyang'hwale, mkoani Geita. Ndani ya jina hilo kuna kile kialama cha juu kinachofuata herufi n na g. Mdadisi mmoja akiliandika kwa kishikwambi chenye kibodi inayoweka alama iliyonyooka, na mwingine akaliandika kwenye kompyuta inayoigeuza alama hiyo kuwa ya kujikunja, kompyuta itahesabu wilaya mbili. Mdadisi wa tatu akiiacha alama kabisa, zitakuwa tatu. Kisha faili likihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa misimbo ya herufi, na kufunguliwa na programu inayodhani ni mfumo wa zamani, ile alama ya kujikunja itageuka kuwa herufi tatu za ajabu, na jina litasomeka Nyangâ€™hwale. Nimewaona wanafunzi wakikaa kurekebisha majina ya vijiji, mmoja baada ya mwingine, wakiamini kwamba kompyuta ina virusi, wakati tatizo lote lingeisha kwa kuchagua mfumo sahihi wa misimbo wakati wa kulifungua faili, au bora zaidi, kwa kuwapa wadadisi orodha ya wilaya wachague badala ya kuandika. Maelezo ya MANTRA kuhusu misimbo ya herufi yanamwezesha mtu kuelewa kilichotokea, na anayekielewa hawezi kukiogopa.

Excel nayo ina mambo yake. Namba ya kaya iliyoandikwa 0047 hugeuka kuwa 47, na kundi la umri lililoandikwa 5-9 hugeuka kuwa tarehe, mara nyingi bila programu kuuliza wala kuonya. Wanasayansi wa jeni walihangaika na tatizo hili kwa miaka mingi, kwa sababu majina ya baadhi ya jeni, kama SEPT1 na MARCH1, yalikuwa yakigeuzwa kuwa tarehe za Septemba na Machi, hadi mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina hayo ikaamua kuyabadilisha majina yenyewe. Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, ilibainika nchini Uingereza kwamba wagonjwa 15,841 waliothibitika kuwa na virusi vya korona walikuwa wameachwa nje ya takwimu za kila siku, kwa kuwa matokeo ya vipimo yalikuwa yakipitishwa kwenye mfumo wa zamani wa faili la Excel ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Ufuatiliaji wa watu waliokutana na wagonjwa hao ulichelewa. Simwambii mtu aiache Excel; wengi wetu ndiyo tuliyo nayo, na kwa kazi nyingi inatosha. Ninachosema ni kwamba faili ghafi lililotoka uwandani lisifunguliwe na kuhifadhiwa upya humo bila kwanza kuwekwa nakala isiyoguswa pembeni, na safu za namba za utambulisho zitangazwe kuwa ni maandishi tangu mwanzo.

Sehemu ya maelezo na metadata inastahili kusomwa mara mbili. Hoja yake kuu ni kwamba data zisizo na maelezo hazina maana kwa mtu asiyekuwepo zilipokusanywa, na mtu huyo asiyekuwepo anaweza kuwa wewe mwenyewe baada ya miaka miwili. Kozi inapendekeza kila seti ya data iandamane na waraka unaoeleza kila kigeu, kipimo chake, misimbo iliyotumika, mahali na wakati wa ukusanyaji, na mabadiliko yoyote yaliyofanywa wakati wa kusafisha. Mifano inayotolewa ni ya huko kwao, hivyo msomaji wa Afrika Mashariki inambidi aongeze ya kwake, nayo ni mingi.

Hojaji inauliza mama alijifungua saa ngapi, na mdadisi anaandika 2. Je, ni saa mbili asubuhi kwa hesabu yetu, yaani 08:00, au ni saa nane usiku, ambayo saa ya kishikwambi huionesha kuwa 02:00? Mdadisi mmoja huandika anachokisikia, mwingine hugeuza kichwani kabla ya kuandika, na wote wawili wana hakika kwamba wamefanya sahihi. Mchambuzi aliyeko mbali hataona kosa lolote. Ataona tu kwamba akina mama wengi wa eneo fulani hujifungua alfajiri. Mstari mmoja kwenye waraka wa maelezo, ukisema saa zote ziandikwe kwa mfumo wa saa 24, na mafunzo mafupi ya wadadisi kabla ya kuanza kazi, vingetosha kuzuia kosa hili.

Vipimo vya mazao navyo vina mtego wake. Mkulima anasema alivuna magunia kumi, na gunia hilo huenda ni la kilo mia moja au ni lumbesa; anayehesabu kwa debe anajua debe lake, na anayehesabu kwa ekari hahesabu kwa hekta. Mipaka ya utawala nayo hubadilika. Hadi mwaka 2012 hapakuwa na mkoa wa Geita. Wilaya ya Geita ilikuwa sehemu ya Mwanza, Chato ilikuwa Kagera na Bukombe ilikuwa Shinyanga. Mtu akilinganisha takwimu za Mwanza za mwaka 2010 na za mwaka 2015 bila kuambiwa kwamba mkoa ulimegwa, ataandika hitimisho kuhusu kupungua kwa jambo ambalo halikupungua. Kuna pia misimbo ya majibu yanayokosekana: miradi mingi hutumia 99 kwa asiyejua au aliyekataa kujibu, na pale waraka wa maelezo unapopotea, zile 99 za safu ya umri huhesabiwa kuwa ni wazee wa miaka tisini na tisa, na wastani wa umri wa kijiji kizima hupanda. Yote haya yamo ndani ya kanuni ambazo MANTRA inazifundisha. Ni juu ya mwalimu wa hapa kuzivalisha mifano inayomgusa mwanafunzi.

Naomba niongeze jambo ambalo kozi, kwa kuwa ni ya Kiingereza na kwa wasomaji wa Kiingereza, haina sababu ya kulitilia mkazo. Mahojiano mengi hufanyika kwa Kiswahili au kwa Kisukuma, Kihaya, Kimakonde na lugha nyingine, kisha hutafsiriwa kwa Kiingereza kwa ajili ya tasnifu, na baada ya hapo tafsiri ndiyo inayohifadhiwa kana kwamba ndiyo data. Maneno aliyoyatamka mhojiwa ndiyo data ghafi. Manukuu ya lugha ya awali yanapaswa kutunzwa pamoja na tafsiri, yakiwa na namba zinazolingana, na waraka wa maelezo useme nani alitafsiri.

Kwenye uhifadhi na usalama ndipo umbali kati ya Edinburgh na sisi unapoonekana wazi. Kanuni zinazofundishwa ni sahihi: nakala zaidi ya moja, sehemu zaidi ya moja, kujaribu kurejesha nakala kabla ya kuhitaji kuirejesha, nenosiri imara, usimbaji fiche (kuzifunga data zisisomeke bila ufunguo) kwa data nyeti, na utaratibu wa kuziharibu data zinapokuwa hazitakiwi tena. Lakini ushauri wake wa msingi ni kwamba mtafiti aweke data zake kwenye seva zinazosimamiwa na chuo, ambako nakala za akiba huchukuliwa na wataalamu. Mwanafunzi wetu mara nyingi hana seva hiyo. Ana kompyuta mpakato moja, flashi mbili zilizokwisha kupita kwenye kompyuta za steshenari, na kifurushi cha intaneti anachokinunua kwa siku au kwa wiki. Ushauri wa kutumia seva ya chuo haumsaidii, na kozi haina jibu lililoandaliwa kwa mtu wa hali yake.

Ninachowashauri wanafunzi ni kuichukua kanuni na kuitafutia njia ya hapa. Nakala ya kwanza iwe kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayokaa nyumba tofauti na kompyuta, si mkoba mmoja nayo, na ya tatu mtandaoni, hata kama itapandishwa usiku wakati intaneti ni nafuu. Anayetumia KoboToolbox au ODK kukusanya data kwa simu tayari ana nakala kwenye seva pindi fomu zinapotumwa, lakini asiitegemee hiyo peke yake. Diski yenye majina au hali za afya za watu isimbwe. Programu huria kama VeraCrypt hufanya kazi hiyo bila malipo. Kuna jambo moja zaidi ambalo halitajwi kozini, nalo limeenea mno: wadadisi kupiga picha fomu zilizojazwa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp ili msimamizi aone kazi inakwenda. Fomu ile ina jina la mtu na majibu yake, na sasa iko kwenye simu za watu wote wa kundi. Lipigwe marufuku kwa maandishi kabla timu haijaondoka mjini.

Sheria pia inahitaji kubadilishwa kichwani wakati wa kusoma. Sehemu ya ulinzi wa data nyeti inafuata sheria za Uingereza na kanuni ya ulinzi wa data ya GDPR iliyoanza kutumika Ulaya mwezi Mei 2018. Msomaji wa Tanzania anapaswa kusoma sambamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wa Kenya ana sheria yake ya mwaka 2019. Sheria ya Tanzania inagusa pia usafirishaji wa taarifa binafsi kwenda nje ya nchi, jambo linalowahusu moja kwa moja wale wenye wasimamizi au washirika wa ng'ambo, na kwa data za afya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, hutaka makubaliano ya maandishi kabla ya data kuhamishwa. Misingi, hata hivyo, haipishani sana: ridhaa ya mshiriki, kukusanya kinachohitajika tu, kutotumia taarifa kwa jambo ambalo mtu hakuliridhia.

Somo la kuficha utambulisho limeandikwa kwa uangalifu, na linaonya kwamba kufuta jina hakutoshi. Onyo hilo lina uzito mkubwa zaidi kwetu. Andika kwamba mhojiwa ni muuguzi mwanamke wa miaka 52 katika zahanati ya kijiji fulani, na kijiji kizima kitamjua, kwa sababu zahanati ina wauguzi wawili na mmoja ni mwanamume. Kinachofaa hapo ni kulegeza maelezo: kutaja kata au wilaya badala ya kijiji, kundi la umri badala ya umri, na "mtumishi wa afya" badala ya cheo chenyewe, huku orodha inayounganisha namba za washiriki na majina yao ikihifadhiwa mbali na data.

Sehemu ya mwisho inahusu kuzishirikisha data kwa kufuata misingi ya FAIR iliyochapishwa mwaka 2016, inayotaka data ziweze kupatikana, kufikiwa, kuoana na data nyingine na kutumika tena. Inaeleza leseni, vitambulisho vya kudumu aina ya DOI, na hazina za data. Hapa habari ni njema hata kwa asiye na hazina chuoni kwake, kwani hazina ya Zenodo, inayoendeshwa tangu 2013 na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, humruhusu mtafiti wa nchi yoyote kuweka data bila malipo, hadi gigabaiti 50 kwa rekodi moja, na kupata DOI inayoweza kunukuliwa kwenye tasnifu. Wenzetu wengi huogopa kwamba wakiziweka data wazi, watafiti wenye fedha na kompyuta kubwa watazichapisha kabla yao. Hofu hiyo ina msingi, na jibu la kuchelewesha ufunguzi wa data kwa muda maalumu linasaidia. Ila kwa maoni yangu suala la nani hufaidika na data za jamii maskini halipewi uzito unaostahili, na anayelitaka asome pia misingi ya CARE ya mwaka 2019, iliyotoka kwa watafiti wa jamii za asili, inayouliza kuhusu manufaa ya jamii na mamlaka yake juu ya data zake.

Yapo pia mazoezi ya vitendo kwa programu za kuchanganua data: SPSS, R, ArcGIS ya ramani na NVivo. Isipokuwa R, programu hizo zina leseni za kulipia, na mwanafunzi ambaye chuo chake hakijanunua hatafaidika nayo sana. Kwa ramani, QGIS ni ya bure na inatosha.

Kinachonifanya niipendekeze kozi hii kwa moyo wote, pamoja na upungufu nilioutaja, ni leseni yake. Imetolewa kwa leseni ya Creative Commons inayomruhusu mtu yeyote kuinakili, kuitafsiri na kuibadilisha mradi tu awataje waandaaji. Hakuna kinachotuzuia kuwa na MANTRA ya Kiswahili yenye mifano ya saa, lumbesa na Nyang'hwale, sheria ya Dodoma mahali pa sheria ya London, na ushauri wa uhifadhi unaomfaa mwenye kompyuta moja. Waandaaji walikwisha kutengeneza pia kifurushi cha mafunzo kwa wakutubi, chenye masomo ya kusoma kabla, maswali ya kutafakari na mazoezi ya vikundi, ambacho wakutubi wa chuo chochote wanaweza kukitumia kujifundisha wenyewe wakiwa kikundi kidogo bila kumwita mtaalamu kutoka nje. Maktaba za vyuo vyetu zina watu wenye uwezo wa kazi hiyo. Wanachohitaji ni wakuu wao kuwapa muda na kuitambua kuwa ni sehemu ya majukumu yao.

Kwa mwanafunzi ambaye safari ya uwandani imekaribia na hana muda wa sehemu zote nane, ningemshauri aanze na mpango wa data, kisha maelezo na metadata, kisha uhifadhi, na amalize na ulinzi wa data nyeti kabla hajachapa fomu ya ridhaa, maana kama fomu hiyo haikumwomba mshiriki ruhusa ya data zake kutumika tena, ruhusa hiyo haipatikani kirahisi baada ya timu kurudi mjini. Aina za mafaili anaweza kuzisoma akiwa njiani. Ushirikishaji wa data usubiri hadi atakaporudi na kuzisafisha data zake.